Maswali ya Wasomaji: Lipi ni Lazima na Lipi ni Hiari?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho katika wilaya ya Tandahimba. Mtendaji wa kijiji chetu alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba kila kaya isiyotoa mtu wa kusomba mchanga wa ujenzi wa darasa, na kila mtu mzima atakayekosa mkutano mkuu wa kijiji, atatozwa faini ya shilingi 5,000. Mchanga nilisomba, ila siku ya mkutano nilikuwa nauguza. Nimelipa faini na sikupewa stakabadhi. Je, kuhudhuria mkutano ni wajibu wa kisheria au ni hiari ya mtu? Na ningekataa kulipa, ningehesabiwa kuwa raia mbaya?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji ni haki ya kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 21, inaitaja nafasi ya kushiriki katika shughuli za utawala kuwa haki ya raia. Ili mtu atozwe faini kwa kutokwenda mkutanoni, lazima pawepo sheria ndogo ya kijiji inayosema hivyo, na sheria ndogo haitungwi kwa kipaza sauti. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, huipeleka kwenye mkutano mkuu ili wananchi watoe maoni yao, kisha huiwasilisha kwa halmashauri ya wilaya, na mpaka wilaya iidhinishe, rasimu hiyo haina nguvu ya kumtoza mtu hata shilingi moja. Nenda ofisi ya kijiji, omba kuonyeshwa sheria hiyo ndogo na tarehe ya kuidhinishwa kwake. Kama haipo, peleka malalamiko kwa mtendaji wa kata, na ikibidi kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, kwa barua ambayo nakala yake unabaki nayo.

Suala la stakabadhi ni zito kuliko faini yenyewe. Korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007, na sidhani kama ungekubali magunia yako yaingie ghalani nawe uondoke mikono mitupu, bila stakabadhi. Fedha ya umma inastahili uangalifu uleule, kwa kuwa fedha isiyoandikwa popote haitasomwa katika taarifa ya mapato na matumizi, na isiposomwa hakuna atakayeuliza imekwenda wapi.

Kuhusu mchanga, jibu lina pande mbili. Ibara ya 25 ya Katiba inasema kila mtu ana wajibu wa kufanya kazi halali, na papo hapo inakataza kazi ya shuruti. Hata hivyo, ibara hiyohiyo inaeleza kwamba baadhi ya kazi hazihesabiwi kuwa za shuruti, zikiwamo zinazolazimu kufanywa panapotokea baa linalotishia uhai wa jamii, na zile ambazo ni sehemu ya majukumu ya kawaida ya kuhakikisha ustawi wa jamii. Kwa hiyo kijiji kilichokubaliana mkutanoni kujenga darasa kwa nguvu za wananchi, na kikapitisha utaratibu wake kwa njia halali, hakijamtumikisha mtu. Ila pale ambapo hakuna aliyeulizwa, mkazi ana haki kamili ya kuhoji.

Yaliyo ya lazima si mengi. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu atii Katiba na sheria za nchi. Ya 27 inamtaka alinde maliasili na mali ya umma na apige vita ubadhirifu. Ya 28 inamtaka kila raia aulinde uhuru na ardhi ya taifa. Ongeza kodi, ambazo nyingine hulipwa pasipo mtu kutambua: mwenye nyumba yenye mita ya umeme hukatwa kodi ya jengo anaponunua umeme wa LUKU, utaratibu ulioanza mwaka 2021. (Wazee wetu wanaikumbuka kodi ya kichwa, iliyofutwa mwaka 2003, ambayo iliwafanya watu wazima wakimbilie porini wakimwona mgambo.) Vijana wanaomaliza kidato cha sita nao huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, mpango uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kila nchi ina orodha yake. Australia humpiga faini asiyepiga kura bila sababu ya msingi. Marekani haimlazimishi mtu kupiga kura, lakini humwita raia wa kawaida mahakamani kukaa katika baraza la wazee wa mahakama, na asipoitika anaweza kuadhibiwa. Kwetu kupiga kura ni haki, na asiyeitumia hashitakiwi.

Sasa nieleze kwa nini, pamoja na kuipinga faini hiyo, nakusihi usiuzoee uhuru wa kukaa nyumbani. Chukua suala la ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mwekezaji anapofika akitaka eneo la shamba kubwa, kinga yenu imo katika mkutano huo ambao hakuna anayelazimishwa kuuhudhuria. Wakifika thelathini, wote ndugu na marafiki wa viongozi, muhtasari utaandikwa kwamba wananchi wameridhia, na wewe utaukuta mpaka mpya ukiwa umeshasimikwa vigingi. Nimeona taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa kwa dakika chache, jua likielekea kuzama na watu wakiwa wameshasimama kukung'uta vumbi kwenye nguo, mpaka mama mmojawapo alipouliza bati zilinunuliwa kwa bei gani na duka gani. Aliyekuwa akiisoma taarifa alirudi mstari wa tatu na kuanza upya, safari hii polepole. Hakuna sheria iliyomlazimu mama yule kuuliza.

Hali ni hiyohiyo katika chama chako cha msingi cha ushirika. Makisio, ukomo wa madeni na baadhi ya makato ya kila kilo hupitishwa na mkutano mkuu wa wanachama, na wengi tunayajua siku ya malipo, baada ya mnada, tunapoanza kunung'unika kwenye kahawa. Kwa upande mwingine, wilayani Kilwa, mkoani Lindi, vipo vijiji vilivyotenga misitu yao ya hifadhi, vikachagua kamati za maliasili, vikaweka doria na kuvuna mpingo kwa mpango, na mapato yakaingia kijijini badala ya kuishia kwa wafanyabiashara wa magogo. Kazi ya kamati zile kwa sehemu kubwa ni ya kujitolea, na ina uchovu wake.

Kwa hiyo, kukataa faini isiyo halali hakukufanyi raia mbaya. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba na sheria za nchi zilindwe, nawe ukidai kuonyeshwa sheria ndogo unafanya jambo la aina hiyo. Lakini dai hilo utalifikishia mkutano ujao ukiwa umekaa pale pale mbele, maana mkutano mkuu wa kawaida unapaswa kufanyika kila miezi mitatu.

SWALI: Mhariri, mume wangu ni raia wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na tunaishi naye kijijini kwetu kwa kibali. Wajibu huu unamhusu?
Mama wa watoto wawili, Newala

JIBU: Mwingi unamhusu, mama. Kutii sheria, kulipa kodi na kulinda mali ya umma ni wajibu wa kila mtu aliyemo nchini, awe raia au mgeni. Kupiga kura na kugombea uongozi ni vya raia peke yao, kwa hiyo kwenye uchaguzi wa kitongoji au kijiji asijiandikishe, hata jirani akimshawishi, kwa sababu kufanya hivyo kutamletea kesi. Kusomba mchanga na wenzake hakuna anayemkataza. Kibali chake cha ukaazi kisipitwe na muda.