Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Uchumi na Masoko, Nikariri Nini Kwanza?

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wanafunzi wa uchumi na masoko wanaosoma kwa Kiingereza, na karibu wote wanalia kilio kimoja, maneno. Nimechagua machache, mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanafanana.

Swali: Mwalimu shikamoo. Naingia mwaka wa kwanza uchumi. Kiingereza cha kawaida nakijua vizuri tu, lakini nikifungua kitabu naelewa neno mojamoja ila sentensi nzima inanipita. Rafiki yangu kanitumia pdf ya maneno elfu moja ya biashara, nianze kuikariri?

Marahaba mdogo wangu. Hiyo pdf iweke pembeni kwanza. Ulichosema mwenyewe ndo jibu lenyewe, kwamba neno mojamoja unalielewa, sasa shida iko hapohapo, unadhani unalielewa. Maneno magumu kama "oligopoly" hayakusumbui sana kwa sababu ukikutana nalo unajua hulijui, unalitafuta, basi limeisha. Yanayokuangusha ni yale uliyoyazoea tangu sekondari, good, normal, demand, rent, capital, yaani unapita juu yake kwa kujiamini kabisa na kumbe uchumi umeyapa kazi nyingine.

Chukua "inferior good". Mtu anasoma anaona bidhaa mbovu. Hapana, ni bidhaa ambayo watu kipato kikipanda wanainunua kidogo zaidi, inaweza kuwa nzuri tu na imara, na "normal good" ni ile ambayo kipato kikipanda inanunuliwa zaidi. Hapo hamna suala la ubora kabisa, ni kipato na wingi unaonunuliwa basi. Au "investment", kwenye mazungumzo ya kawaida mtu akinunua hisa ambazo mwingine alikuwa nazo anasema amefanya investment, ila kwenye hesabu za pato la taifa hiyo haihesabiki, kwa sababu hisa zimebadilisha mwenyewe tu na hakuna kitu kipya kilichozalishwa. Investment hapo ni mashine mpya, majengo mapya, na mzigo unaoongezeka ghalani. "Capital" nayo ukiisoma kama hela kwenye sura ya uzalishaji utapotea, pale inamaanisha mitambo, vifaa, majengo, vitu vilivyotengenezwa ili vitengeneze vingine. "Utility" ni ridhiko analopata mtumiaji, usiende kwenye bili za maji na umeme. Na "rent", kodi ya nyumba unaijua, lakini "economic rent" ni kile kiasi kinacholipwa zaidi ya kile ambacho kingetosha kukifanya kitu au mtu abaki kwenye kazi aliyopo.

Lakini kama ningeambiwa nichague neno moja tu nimpe mwanafunzi wa uchumi ningempa "marginal". Kwenye Kiingereza cha kawaida ni kitu kidogo cha pembeni kisicho na uzito, na ukilisoma hivyo nusu ya kozi nzima inakupotea. Kwenye uchumi ni kile kinachoongezeka ukiongeza kimoja. Kiwanda kikitengeneza vipande 100 kwa gharama ya 5,000, na vipande 101 kwa 5,030, basi "marginal cost" ya kile cha 101 ni 30, wakati wastani ulikuwa 50 kwa kila kipande. Unaona sasa kwanini mwenye kiwanda anaweza kukubali oda moja ya ziada kwa bei ya 40 ilihali wastani wake ni karibu 50? Ukishaielewa hiyo, marginal revenue, marginal utility, marginal tax rate zote zinafunguka zenyewe. Hao wanauchumi wa miaka ya 1870, Jevons, Menger na Walras, walibadilisha somo zima kwa wazo hilihili, kwa hiyo usilipite haraka.

Swali: Kwenye pepa niliandika "when price rises, demand falls" nikakatwa maksi zote. Si ndo sheria yenyewe hiyo? Nimeonewa?

Hujaonewa, pole lakini. Hili kosa ni la kawaida mno na hata magazetini utalikuta, ila kwenye somo lako linabeba tofauti kubwa. "Demand" ni mchoro mzima, yaani kwa kila bei watu wako tayari na wana uwezo wa kununua kiasi gani. "Quantity demanded" ni kiasi kwenye bei moja. Bei ya bidhaa yenyewe ikipanda, mstari haujasogea popote, wewe ndo umehama kutoka nukta moja kwenda nyingine kwenye mstari uleule, kwa hiyo kilichoshuka ni quantity demanded. Demand inashuka pale kitu kingine kinapobadilika, mfano kipato, ladha, bei ya bidhaa mbadala, idadi ya wanunuzi, matarajio ya bei kesho, hapo mstari wote unahama, na ndo wanaita "shift". Ile ya kuhama nukta kwenye mstari uleule wanaita "movement along the curve".

Kwanini walimu wanaking'ang'ania hivyo? Angalia mtu anayechanganya anafika wapi. Anasema bei imepanda kwa hiyo demand imeshuka, alafu demand ikishuka bei inashuka, alafu bei ikishuka demand inapanda, alafu bei inapanda tena... anazunguka bila kufika. Ukitenganisha hayo maneno mawili mzunguko wote unakufa papo hapo. Hiyo ndo sababu, wala sio ukali.

Na hapo ongeza "ceteris paribus", ni Kilatini, mambo mengine yote yakibaki vilevile. Kila sheria ya namna hiyo inasimama juu ya hayo maneno mawili hata kama kitabu hakijayaandika. Kingine, jozi ya "elastic" na "inelastic", hapa wengi wanafikiri inelastic maana yake watu hawajali bei kabisa. Sio hivyo, maana yake kiasi kinabadilika kwa asilimia ndogo kuliko bei ilivyobadilika, na elastic ni kinyume chake. Bei ikipanda asilimia 10 na kiasi kikashuka asilimia 4, hiyo ni inelastic, na bado watu wamepunguza.

Swali: Dada, mimi niko masoko, kila mtu nyumbani anajua nasomea matangazo. Hizo 4P naambiwa nizijue, nazijua, ila nikiulizwa maswali nakosea. Alafu margin na markup si kitu kimoja?

Hapana, na hilo la mwisho ntalianza kwa sababu linagharimu watu hela kweli kwenye kazi. Ukinunua kitu kwa 80 ukakiuza kwa 100, umepata 20. Markup unaigawa kwa ulichonunulia, 20 kwa 80, asilimia 25. Margin unaigawa kwa bei ya kuuzia, 20 kwa 100, asilimia 20. Faida ni ileile, asilimia mbili tofauti. Sasa bosi akikwambia anataka margin ya asilimia 25 wewe ukaenda kuzidisha gharama kwa 1.25, umeshamuangusha, kwa kitu cha 80 ilibidi bei iwe karibu 107 na sio 100. Naomba ulifanyie mazoezi hilo mpaka likae.

Hizo P nne zimetoka kwa E. Jerome McCarthy mwaka 1960, product, price, place, promotion, na mnakosea kwa sababu ileile niliyomjibu mwenzako hapo juu. "Place" watu wanaandika mahali duka lilipo, wakati swali linataka njia nzima ambayo bidhaa inapita mpaka imfikie mnunuzi, wauzaji wa jumla, rejareja, ghala, usafirishaji, kuuza onlaini. "Promotion" sio punguzo la bei tu wala kupandishwa cheo, ni mawasiliano yote na soko, na matangazo ya kulipia ni kipande kimoja ndani yake. Kwa hiyo nyumbani waeleze taratibu kwamba "advertising" iko ndani ya promotion, na promotion iko ndani ya marketing, unasomea kitu kikubwa kuliko wanavyodhani. Mwaka 1981 Booms na Bitner wakaongeza tatu kwa ajili ya huduma, people, process na physical evidence, hiyo ya mwisho ni vile vitu vinavyoonekana vinavyomfanya mteja aiamini huduma ambayo yenyewe haishikiki.

Zipo jozi nyingine ambazo ningependa uzishike mapema. "Customer" ni anayenunua, "consumer" ni anayetumia, mzazi ananunua chakula cha mtoto mchanga ila mtoto ndo anakula, na tangazo lazima lijue linaongea na nani. "Reach" ni watu wangapi tofauti wameliona tangazo, "impressions" ni limeonekana mara ngapi jumla, mtu mmoja akiliona mara tano hiyo ni reach moja na impressions tano, na ripoti nyingi zinapendeza kwa sababu tu aliyeandika kachagua ile namba kubwa. "Segmentation, targeting, positioning" zinakwenda kwa mpangilio huo, unaligawa soko, unachagua kundi, alafu unaamua unataka ukumbukwe vipi kichwani mwa hilo kundi. Positioning haihusu rafu za dukani.

Swali: Kwenye asaimenti ya kuelezea grafu nafeli Kiingereza chenyewe, increase by, increase to, rise, raise, natumia yoyote inayokuja. Ina tatizo?

Lina tatizo kubwa tu. "Increased by 20" imeongezeka 20, "increased to 20" imefika 20, kwa msomaji hizo ni habari mbili tofauti kabisa. "Rise" inajitegemea, prices rose. "Raise" inataka mtendewa, the firm raised prices. Na maneno yanabeba vihusishi vyake, "a rise in prices", "a rise of 5 percent", "demand for", "invest in", hivi vishike na neno lake siku ileile unayojifunza neno, usivitafute baadaye.

Alafu kuna hii ya asilimia. Riba ikitoka asilimia 5 ikafika 7, usiandike imepanda 2 percent. Imepanda "2 percentage points", na kwa asilimia imepanda 40, kwa sababu 2 ni asilimia 40 ya 5. Uhusiano huohuo wa karibu-lakini-sio-sawa uko kwenye "deficit" na "debt", nakisi ni pengo la mwaka huu kati ya mapato na matumizi, deni ni jumla ya yaliyolimbikizana, ndo maana serikali inaweza kupunguza deficit na debt ikaendelea kukua. Na "disinflation" mfumuko wa bei unapungua kasi ila bei bado zinapanda, "deflation" bei zenyewe zinashuka. Ukiona mfumuko umetoka asilimia 9 kwenda 4 na ukaandika bei zimeshuka, umeandika uongo bila kukusudia.

Pia research, information, advice hazina wingi wa s. "Researches" kama nomino inaudhi wasahihishaji wengi, iache.

Swali: Natamka debt na b, wenzangu wananicheka. Nijifunze lafudhi?

Lafudhi hapana, usijisumbue nayo. Herufi zisizotamkwa ndiyo, b ya debt na p ya receipt hazisikiki. Alafu angalia "economic" na "economical", ya kwanza inahusu uchumi, ya pili ni kitu kisichokula gharama. Wanaocheka waache, uliza swali lako darasani.

Swali: Basi tutumie orodha gani mwalimu, maana pdf umeikataa? Na nijue maneno mangapi?

Nimeikataa kwa mwanzo tu. Kuna orodha moja naiamini, Academic Word List ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, ina familia 570 za maneno (yaani neno na ndugu zake, kama vary na variation) yaliyotokana na maandishi ya kitaaluma, na biashara ilikuwa moja ya maeneo manne aliyoyatumia, mengine ni sanaa, sheria na sayansi. Humo kuna assume, derive, vary, indicate, significant, yaani yale yanayounganisha hoja kwenye kila kitabu utakachosoma. Hilo la significant lenyewe likitokea kwenye takwimu uwe makini, halimaanishi kikubwa wala muhimu, linasema tu matokeo ya namna hiyo yasingetarajiwa kutokea kwa bahati mara nyingi kama kusingekuwa na athari yoyote.

Kwa maneno ya somo lenyewe tumia faharasa ya maneno (glossary) iliyoko nyuma ya kitabu chako cha kozi, sio kamusi ya jumla, kwa sababu ile inatoa maana zilezile zinazotumika ndani ya kitabu unachosoma. Fungua daftari, kila neno liandikie maana ya kawaida, maana ya somo, neno linalofanana nalo ambalo sio lenyewe, na sentensi moja yenye namba uliyoitunga wewe. Namba ni lazima, maana ukishindwa kuweka namba kwenye margin au elasticity, hilo neno bado hujalipata, rudi nalo kesho. Idadi sikupi. Anza na marginal, demand na quantity demanded, alafu niandikie tena ukikwama kwenye sura ya pili.