Askari Asiye na Jina, Kesi Isiyo na Miguu

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: raia akionewa na polisi, ana haja gani ya kupeleka malalamiko IPOA, mamlaka ya kiraia inayowasimamia polisi, ilhali askari yuleyule ataonekana kazini kesho yake? Haja ipo. Ila malalamiko mengi huku kwetu Kenya, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, hufia njiani kabla mpelelezi hajafungua faili, na si kila mara kwa sababu kuna mkono wa mtu. Mlalamishi amefika na uchungu mwingi na ushahidi haba. Hajui askari ni nani, hana karatasi ya hospitali, na hakumbuki ilikuwa saa ngapi.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi hukilaumu kwa kazi isiyo yake. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, iliundwa kwa sheria ya 2011 na kuanza kazi 2012, baada ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za uchaguzi wa 2007, na baadaye jopo la Jaji Ransley, kupendekeza chombo cha kiraia cha kuwasimamia polisi. IPOA hupokea malalamiko, huchunguza, hukagua vituo na seli, kisha hupendekeza. Haimfuti askari kazi. Hilo ni la Tume ya Huduma ya Polisi na wakubwa wake. Haimfungulii mashtaka pia. Hilo ni la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Kwa hiyo anayepiga simu Jumatatu akitarajia askari awe kizimbani Ijumaa atakata tamaa bure.

Kulalamika hakulipiwi. Simu ya 1559 haina malipo, na ofisi za mikoani zipo Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda gari kwenda Nairobi. Unaweza kueleza kwa mdomo na afisa akakuandikia. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe taarifa yako yote, hasa saa: ikiwa umesema saa moja usiku, hakikisha karatasi inasema 19:00, maana ikiandikwa 01:00 wakili wa askari atakuja kuishikilia hiyo.

Malalamiko yakishapokewa, kamati ya ndani huyachambua. Mengine huchunguzwa na IPOA yenyewe, mengine hupelekwa kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani ya Polisi, IAU, na mengine kwa tume nyingine. Watu wakiona barua inayosema faili limeenda IAU husema limetupwa. Mimi sioni hivyo kwa makosa madogo. Askari aliyekutukana, aliyekataa kuandika ripoti yako, au anayekalia kesi yako ya wizi miezi sita, IAU wanaweza kumfikia upesi kwa sababu wako ndani ya nyumba. Lakini kukiwa na risasi, jeraha baya au kifo, usianzie huko. Nenda IPOA moja kwa moja. Sheria ya Huduma ya Polisi inamtaka mkubwa wa askari aliyetumia nguvu zikaleta kifo au jeraha baya airipoti IPOA mara moja, na IPOA yenyewe inalazimika kuchunguza. Usingojee OCS, mkuu wa kituo, atimize wajibu huo. Piga simu wewe.

Na hapa niseme jambo ambalo huwapotezea watu wa masoko ya Kibuye na Wakulima muda mwingi: kanjo si polisi. Askari wa kaunti akikumwagia mboga au kukupiga virungu, IPOA haina mamlaka juu yake, wala juu ya askari jela au walinzi wa msitu. Upigaji ni jinai, uripoti kituoni kama jinai nyingine yoyote, halafu ulalamike kwa kaunti na kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani kumtambua askari. Sheria inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Siku ya maandamano utaona koti limefunika namba, na uso uko ndani ya helmeti. Ukikosa jina, kusanya vitu vinavyoweza kumpata. Namba ya gari, na uiandike yote hata kama ni namba ya kawaida ya kiraia, kwa maana magari mengi ya polisi ni ya kukodishwa. Rangi ya sare. Alikuwa na bunduki au rungu tu. Wenzake walimwita nani. Walitokea upande gani na wakarudi upande gani.

Vitu hivyo vina maana kwa sababu kituo chochote cha polisi kina madaftari yake. Kuna orodha ya zamu. Kuna daftari la silaha, ambalo askari hutia sahihi akichukua bunduki, likionyesha namba ya bunduki na idadi ya risasi alizotoka nazo na alizorudi nazo. Kuna rejista ya seli. Kuna OB, yaani daftari la matukio. Mpelelezi akija na saa kamili na mahali kamili, kwa mfano saa mbili kasorobo usiku kwenye mzunguko wa Kondele, Kisumu, anaweza kufungua daftari la silaha na kubaki na majina manne badala ya arobaini. Ukimwambia “jioni hivi, karibu na stendi”, umempa kituo kizima.

Kondele hiyohiyo ina funzo lake. Januari 2008 kamera ya runinga ilimnasa askari akiwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakiandamana, na nchi nzima ikaona. Kesi ya mauaji ilifika Mahakama Kuu, na 2010 mshtakiwa akaachiliwa, kwa sababu namba ya bunduki iliyochunguzwa kitaalamu haikulingana na namba ya bunduki ambayo daftari lilionyesha alipewa. Picha ilikuwapo, maiti zilikuwapo, ila uzi wa kuunganisha risasi na mkono ulikatika kwenye tarakimu.

Ndiyo maana ukiona ganda la risasi nakushauri usilitie mfukoni. Lipige picha pale lilipo, weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, kisha piga picha nyingine ya mbali inayoonyesha ukuta au duka la karibu. Ganda lililopita mikono mitano ya jirani halitamsaidia mtaalamu wa silaha, na wakili atauliza lilitoka wapi.

Video nazo huharibiwa na waliokusudia mema. Ukiituma kwa WhatsApp hubanwa, na taarifa za saa na mahali zilizomo ndani ya faili hupotea. Acha ile ya asili kwenye simu iliyoirekodi, usiikate, usiiwekee maandishi. Aliyerekodi ndiye atakayetia sahihi cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Video iliyokuja kutoka kundi fulani bila mwenyewe ni kelele tu. Kamera za maduka zina haraka zaidi, kwani mashine hujifuta ikijaa. Mwombe mwenye duka anakili mapema, wala usingoje mpelelezi afike.

Hospitali ndiyo inayowaangusha wengi. Nenda siku hiyohiyo, hata kama unahisi ni uvimbe tu, na umwambie daktari wazi kwamba ni polisi waliokupiga na kwa kitu gani. Ukisema ulianguka kwa pikipiki kwa sababu unaogopa, maneno hayo yataandikwa, na yatakufuata hadi mahakamani. Tunza karatasi ya matibabu. Uwe umetibiwa “Russia” pale Kisumu, katika hospitali kuu ya Nakuru au zahanati ya mtaani, karatasi ya siku ya kwanza ina uzito kuliko P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha jeraha, iliyojazwa wiki tatu baadaye, wakati alama zimeshafifia.

P3 ina sehemu mbili kubwa: polisi hujaza ya kwanza, daktari hujaza jeraha ni la aina gani, lina umri gani na huenda lilisababishwa na nini. Fomu yenyewe ni ya bure. Tatizo linajulikana: unaenda kituo kilekile kilichokupiga kuomba fomu ya kukishtaki. Usigombane kwenye kaunta. Nenda kituo kingine, ripoti huko, chukua namba ya OB na fomu. Wakikataa pia, andika jina la aliyekataa na saa, kisha uwaambie IPOA, maana kukunyima P3 ni lalamiko la pili linalojitegemea. Kwa ubakaji kuna fomu nyingine, PRC, inayojazwa hospitalini. Hapo usioge wala kufua nguo, na ufike kabla ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya virusi zifanye kazi.

Mtego mwingine ni mashtaka ya kukufunga mdomo. Aliyepigwa hushtakiwa kwa kuzua fujo au kumzuia askari kufanya kazi yake. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wikendi. Siku hiyo ya kwanza, kabla hakimu hajaingia kwenye dhamana, inua mkono umwonyeshe majeraha na uombe yaandikwe. Hakimu anaweza kuamuru utibiwe na P3 ijazwe. Kumbukumbu ya mahakama hakuna askari wa kituo anayeweza kuing'oa ukurasa.

Panapotokea kifo, kila kitu hutegemea upasuaji wa maiti. Familia ina haki ya kuwa na daktari wake chumbani pamoja na yule wa serikali. Juni 2025 Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akafia mikononi mwa polisi Nairobi, na taarifa ya kwanza ya polisi ikadai alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji ulionyesha majeraha yasiyolingana na hadithi hiyo, na mwezi huohuo DPP akaidhinisha mashtaka ya mauaji dhidi ya watu sita. Najua mila na dini zetu zinaharakisha mazishi, na wenzetu Waislamu wa Kaloleni au Mumias huzika siku hiyohiyo. Piga 1559 kabla ya kuosha maiti. Kufukua baadaye kunawezekana kwa amri ya mahakama, lakini mwili wa mwezi mmoja hautasema yote uliyoyajua siku ya kwanza.

Askari mhusika asipojulikana kabisa, bado kuna njia: uchunguzi wa chanzo cha kifo mbele ya hakimu. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alijeruhiwa na polisi nyumbani kwao Nyalenda, Kisumu, Agosti 2017, akafariki. Aliyeinua rungu hakutajwa, lakini Februari 2019 hakimu wa Kisumu aliona makamanda watano wana lawama kwa yale yaliyotendwa na waliokuwa chini yao. Oktoba 2022 DPP akaidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu dhidi ya maafisa 12. Hesabu miaka mwenyewe. Lakini bila ule uchunguzi wa wazi kusingekuwa na faili la kurudiwa.

Kuhusu woga sina maneno ya kumpoza mtu. Wakili Willie Kimani, mteja wake aliyekuwa amemlalamikia askari, na dereva wao wa teksi waliuawa Juni 2016. Waliohusika, wakiwemo polisi, walipatikana na hatia 2022, lakini watatu hao hawarudi. Ukipata vitisho vitangulize mbele ya lalamiko lenyewe: mwambie mpelelezi, omba uunganishwe na Shirika la Kulinda Mashahidi, na weka nakala za karatasi zako kwa mtu asiyeishi nawe. Unaweza pia kupitia Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, iliyo na ofisi Kisumu, jina lako lisiwe la kwanza kwenye bahasha.

Adui wa kimyakimya ni kumalizana nyumbani. Askari au mzee fulani huja na pesa za hospitali na ombi la kuandika barua ya kuondoa lalamiko. Mashahidi wakishasikia umepokea, hawaji tena. Mpelelezi naye hubaki na faili lisilo na mdomo.

Faili likikamilika huenda kwa DPP, naye atashtaki, ataomba uchunguzi wa chanzo cha kifo, atarudisha kwa uchunguzi zaidi, au atafunga. Shika namba ya lalamiko lako na uulize kwa maandishi liko hatua gani. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari hiyo.

Ukitaka fidia, hiyo ni kesi nyingine kabisa na saa yake inakwenda kivyake. Dai la madhara dhidi ya serikali linatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 12 tangu tukio, hata kama IPOA bado wanachunguza. Ombi la kikatiba kuhusu haki zilizokiukwa halifungwi na muda huo, ila majaji huuliza kwa nini ulichelewa. Basi tafuta wakili au shirika la msaada wa kisheria mwezi wa kwanza, wala si wa kumi na moja, na umpelekee nakala za kila kitu: OB, karatasi za hospitali, P3 na namba ya lalamiko.