Indiketa ya lori lililo mbele yako
Hapana ndugu, unasema indiketa ya kulia ya lori la mbele ni ruhusa ya kulipita, lakini ni kinyume. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia mahali ambapo hakuna njia ya kukatia, linakwambia usipite, kuna gari linakuja. Ya kushoto ndiyo ruhusa. Sisi Uganda tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo hatari inatokea kulia, na dereva wa trela amekaa juu, anaona mbali kuliko wewe uliyefichwa nyuma ya kontena. Nimeendesha njia ya Malaba hadi Kampala, na pale msitu wa Mabira utaijua lugha hii upende usipende. Wenzetu wanaotoka Mombasa na mizigo wanaitumia vilevile. Ukishapita, honi fupi ya asante inatosha.

Usiku, gari linalokuja likiwasha ya kulia kidogo tu linakuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Likikupigia taa mchana, mara nyingi trafiki wako mbele. Na ukikuta matawi ya miti yametupwa barabarani punguza mwendo, kuna gari limeharibika hapo mbele.

Ila haya hayamo kwenye sheria. Kushoto huenda lori linataka tu kuegesha, na kulia huenda linakata kweli. Ukigongana huwezi kumwambia trafiki "lori liliniruhusu". Mimi hata nikipewa kushoto huchungulia mwenyewe kwanza.