Mchumba mkimya anayechambua kila kitu, sio dharau hiyo

Dada, umesema mchumba wako alifanya kile kipimo cha tabia akapata INTP, yaani mtu mkimya wa kuchambua mambo, haongei, simu hapokei ila meseji anakujibu aya nzima, na mama anaona kijana ana dharau. Mi ni mtu wa hivo hivo na nina mke mchangamfu kweli kweli, kwa hiyo ngoja niongee ninachokijua.

Hizo herufi usizibebe sana. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliandika mwaka 1921 kuhusu watu ambao akili yao inaelekea ndani na wengine nje, alafu huko Marekani mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, wakatunga maswali yanayokuweka kwenye moja ya aina 16. Wanasaikolojia wengi hawakiamini sana kipimo chenyewe, watu kibao wakirudia wanapata herufi nyingine. Ila swala la ukimya na uchangamfu hata vipimo wanavyovikubali wao vinalipima, kwa hiyo lipo kweli.

Sasa kichwani inakuaje. Ukiniuliza mbele za watu "unaonaje hili" ndo kwanza naanza kuligeuza, likiwa hivi je, likiwa vile je, nikija kupata jibu wenzangu washahamia mada nyingine. Kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu watu walibishana weee, vinywaji, sare za kamati, MC, mi kimya na karatasi za ukumbi mkononi mpaka shangazi akaninong'oneza "mwanangu umenuna?" Kumbe nasoma mkataba, umeandikwa mwisho saa sita usiku, ukizidisha unalipia kila saa, na mafuta ya jenereta ni juu yenu, na vyote havipo kwenye bajeti. Nilivyosema mweka hazina akafungua daftari upya. Muda wote ule nilikuwa namhangaikia mdogo wangu, ndo mapenzi yangu yalivyo, na nadhani ya jamaa yako pia.

Na lile la ukimwelezea shida yako yeye anakimbilia suluhisho, hilo linaumiza najua. Wife siku hizi anatangulia kusema "leo nisikilize tu" na mi natulia kabisa, maana sisi ukitwambia wazi unataka nini tunafanya, ila kubahatisha kwa kuangalia uso wako hapana hatuwezi. Simu nayo hivo hivo, tuma meseji mchana "jioni tuongee mahari", utakuta ashajipanga na anaongea vizuri tu.

Kwa mama simtetei. Salamu ni lazima, aamkie, aulize hali, akae na wazee, ukimya haumpi ruhusa ya kupita kama haoni watu. Ila msimpeleke siku nyumba imejaa. Mpeleke kukiwa na watu wachache, mama amuulize kuhusu kazi yake, na kwenye shughuli kubwa mpeni kitu cha kufanya, hata kuandika michango, atakaa mpaka mwisho bila kutafuta mlango.

Kitu kimoja uangalie kwa makini. Kama umempa muda, umemuuliza kwa maandishi, na bado anakukalia kimya siku kadhaa makusudi ili uumie, hiyo sio INTP wala nini, anakuadhibu, na usikubali barua ya posa ijibiwe kabla hamjakaa mkaliongea.