Mama mkwe anataka mwanangu abatizwe jina lake

Hujambo Shangazi? Nimeolewa Nyeri, nina binti wa miezi miwili, kifungua mimba wetu. Hospitalini nilimwandikisha Kayla Nyambura. Sasa mama mkwe anataka abatizwe majina yake yeye, Perpetua Wanjiku, eti Kayla padre atalikataa. Mume wangu tulikuwa tumekubaliana, lakini amegeuka anamtetea mamake. Perpetua ni jina la wazee! Msimamizi nataka awe mdogo wangu aliye kidato cha pili. Nifanyeje?
Mama Kayla

Pole mwanangu, kugombania jina na mtoto bado yuko titini kunachosha. Lakini barua yako ina shimo. Kayla umelitetea, Perpetua umelilaumu, Nyambura umelipitisha kimyakimya. Nyambura ni nani? Nashuku ni mama yako mzazi. Kama ndivyo, huu si ugomvi wa usasa na ukale. Umeruka zamu. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili ndiye hupewa la nyanya mzaa mama, na hilo unalijua vizuri. Ndiyo maana baba humwita bintiye "maitu", mama yangu. Umemnyima mumeo neno hilo, halafu unasema amegeuka. Hata hayo makubaliano nina shaka nayo: pengine mlikubaliana Kayla, na jina Nyambura mumeo akalikuta kwenye karatasi ya hospitali. Ndoa nyingi siku hizi zinavunjika kwa mambo yanayofanywa kwanza na kusemwa baadaye.

Nasimama na mama mkwe wako, ingawa kuhusu padre amekosea. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ndiyo iliyodai jina la Kikristo; wazazi wakikataa, padre aliongeza la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Ya 1983, kanuni ya 855, inazuia tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Kayla linabatizika. Hata Wanjiku peke yake linabatizika.

Na Perpetua si la wazee. Mtakatifu Perpetua aliuawa Carthage, Afrika Kaskazini, mwaka 203, akiwa na miaka kama 22 na mtoto wa kunyonya. Alikuwa mama kijana kama wewe.

Kinachonitia hofu ni makaratasi. Akibatizwa Perpetua Wanjiku huku cheti cha kuzaliwa kinasema Kayla Nyambura, leo hamtaona shida. Mtaiona akitaka kufunga ndoa: parokia itadai cheti kipya cha ubatizo, na kitambulisho chake kitamtaja mtu mwingine. Hapo ndipo safari za kwa wakili kula kiapo huanza. Tena kipaimara na ndoa yake vitaandikwa kwenye kitabu kilekile cha parokia alikobatizwa, kando ya jina mtakalolitaja sasa.

Kwa hiyo kaeni wawili tu, bila mama yeyote kati yenu. Mwandikeni Perpetua Wanjiku na jina la baba. Kama cheti cha kuzaliwa hakijatoka, rekebisheni kwa msajili kabla hakijachapishwa. Kama kimetoka, sheria ya Kenya inawapa wazazi miaka 2 tangu kuandikishwa kubadili jina la mtoto. Msiende parokiani kabla ya hapo. Mkienda, bebeni cheti kilichorekebishwa na barua ya jumuiya yenu ndogo ya Kikristo, na muulizie siku za mafundisho ya wazazi na wasimamizi. Kayla mwite nyumbani, hakuna atakayekuzuia. Nyambura atangoja binti wa pili, na mama yako mwelezee wewe mwenyewe, usimwachie mumeo kazi hiyo.

Mdogo wako wa kidato cha pili huenda hajafikisha umri. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepokea komunyo na kipaimara, na anaishi imani yake. Padre hulegeza umri kwa sababu ya msingi tu. Mtafute mwingine mapema, si wiki ya ubatizo.

Siku yenyewe padre atawauliza mlangoni pa kanisa mmempa mtoto jina gani. Mwache mumeo ajibu.