Blanketi kwenye rejeta

SWALI: Fundi, kijana wangu anasoma Michigan, Marekani. Amenitumia picha ya kale ya Ford Model T kwenye theluji, rejeta imefunikwa blanketi. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na nilifundishwa kwamba rejeta haizibwi hata kwa jani. Hawa hawakuogopa injini kuchemka? – Mzee wa Korogwe

JIBU: Shikamoo mzee. Wewe umehangaika na gari kuchemka. Wenzako wale walihangaika lipate moto.

Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na themostati (kilango cha maji kinachofunguka kwa joto), na ukiacha zile za mwanzo kabisa, hata pampu ya maji haikuwa nayo. Maji yakipata moto kwenye bloku huwa mepesi, yanapanda juu ya rejeta, yanapoa, yanashuka na kurudi kwenye injini. Taratibu sana. Kwenye baridi kali maji ya juu yaliweza kuchemka huku ya chini yameganda barafu! Blanketi lilikinga upepo, rejeta yote ikapata joto.

Injini baridi ni hasara pia. Petroli haigeuki mvuke kwenye chuma cha baridi. Inabaki matone, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ikinuka petroli, ujue pistoni zinasagika. Ndiyo maana Model T ilikuwa na bomba la bati lililovuta hewa ya moto kutoka kwenye manifodi ya ekzosi (bomba la moshi wa injini) hadi mdomoni mwa kabureta, inayochanganya petroli na hewa.

Kuwasha nako ilikuwa shughuli. Jioni maji yanamwagwa yote, yasije yakaganda na kupasua bloku. Asubuhi linaletwa birika: maji ya moto kwenye rejeta, na kitambaa kilicholowa maji hayo kinazungushiwa bomba la kutoka kwenye kabureta. Kisha jeki. Injini na giaboksi zilitumia oili moja, na ikiwa nzito kwa baridi, sahani za klachi zinanatana, na nguvu ya injini inafika magurudumuni. Unazungusha hendeli ya kuwashia iliyo mbele ya gari, injini inashika, na gari linakujia wewe uliyesimama mbele yake. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma linainuliwa lizunguke hewani, mengine yanawekewa vigingi.

Themostati ndiyo iliyostaafisha blanketi. Kampuni ya magari ya Cadillac waliiweka kwenye injini yao ya V8 (silinda nane) ya 1914. Inayazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Cha kushangaza, huku kwetu gari likichemka kidogo tu, fundi anaing'oa na kuitupa.

Kama lori lako lilifanyiwa hivyo, na ukitoka Lushoto alfajiri linakohoa mpaka Mombo, nunua themostati mpya na gasketi yake. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni: isipofunguka kabla maji hayajachemka, irudishe dukani.