Ligi kuu ya Burundi: mmeuliza, nawajibu

Wadau, maswali ya ligi ya Burundi yamekuwa mengi kweli, nimeokota machache nayajibu hapa, mengine nimeyaunganisha maana yanafanana.

Msomaji wa Temeke: Hao Vital'O wa Bujumbura si ndo wanaongoza kwa makombe kwao? Sasa mbona Yanga iliwapiga kumi, hiyo ligi au ndondo (mpira wa mtaani)?

Ndugu yangu, sio ndondo, na huwa naumia sana nikisikia watu wanaicheka hivi. Ni kweli Agosti 2024, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, walikula nne halafu wakala sita, jumla 10-0, ila jiulize mechi zote mbili zilipigwa wapi: Chamazi. Ile ya kwanza kwenye makaratasi Vital'O ndo walikuwa wenyeji, lakini kwao hakukuwa na uwanja uliopitishwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, kwahiyo wakawa "wenyeji" Dar, mbele ya mashabiki wa Yanga, yani mechi ya nyumbani hawakuipata kabisa. Hapo hata timu yenu ingeteseka.

Afu tusisahau, hawa hawa 1992 walicheza fainali ya Kombe la Washindi Afrika, wakatoka 1-1 na Africa Sports ya Ivory Coast pale Bujumbura, wakaenda kufungwa 4-0 Abidjan. Fainali ya Afrika jamani, mwaka mmoja kabla Simba haijaingia fainali ya Kombe la CAF! Kilichofuata mnakijua, Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, nchi ikaingia vitani miaka na miaka, watu wamekimbia, vijana wa kucheza wametawanyika, klabu gani inasimama palepale katika hali ile? Na bado 2013 wakabeba Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, kule Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0 fainali, mwaka ule ambao Simba na Yanga hazikwenda kwa sababu ya usalama.

Msomaji wa Kigoma: Lakini uwanja si upo pale mjini Bujumbura, Intwari? CAF wanataka nini tena?

Upo, na ni uwanja wenye historia yake, zamani ukiitwa Prince Louis Rwagasore. Hapo hapo ndo Burundi walitoka 1-1 na Gabon tarehe 23 Machi 2019 wakafuzu AFCON, fainali za mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Ila CAF baadae wakakaza masharti kwa nchi nyingi: viti, vyumba vya wachezaji, taa, sehemu ya waandishi, huduma ya kwanza, milango ya kutokea watu, ukikosa unahamishwa. Mi nasema wazi, hili ndo tatizo namba moja la soka la Burundi, linazidi hata la wachezaji. Klabu ikienda kucheza ugenini mara mbili inalipa tiketi na hoteli kwa mechi ambayo ilitakiwa iiingizie hela ya mlangoni, bingwa anatoka mashindanoni Agosti tu, mfukoni hana kitu, na msimu ujao anauza wachezaji.

Mikoani viwanja vipo, Ngozi kuna Urukundo, Gitega kuna Ingoma. Hayati Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Rais wa Burundi, alikuwa mtu wa mpira hasa, alisomea michezo na kabla ya siasa aliwahi kuwa kocha wa klabu za Muzinga na Union Sporting. Na ukitazama mabingwa utaona ubingwa umetoka mjini umeenda mikoani: Le Messager ya Ngozi, Aigle Noir ya Makamba, Flambeau du Centre ya Gitega, Bumamuru ya Cibitoke. Kwangu hili ni jambo zuri sana, ligi ambayo mtoto wa Makamba anaona bingwa wa nchi anaweza kutokea mtaani kwao ina maana kubwa kuliko ligi ya timu mbili.

Msomaji wa Muscat: Kina Tambwe na Saido walitokea ligi hiyo au waliokotwa Ulaya?

Amissi Tambwe, mshambuliaji, katokea Vital'O moja kwa moja, kaibeba ile Kagame ya 2013 akiwa mfungaji bora, Simba wakamchukua, msimu huo huo akawa mfungaji bora wa ligi yetu kwa mabao 19, alafu akahamia Yanga na 2015/16 akachukua tena kwa mabao 21. Saido, yani Saidi Ntibazonkiza, yeye aliondoka Vital'O kijana akaenda NEC ya Uholanzi, akazunguka weee, akarudi kwao kabla ya kuja Yanga, Geita na Simba, na 2022/23 akamaliza na mabao 17 sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Na kuna Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura, Vital'O, kisha Yanga, mpaka fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2004 akiwa na Monaco, japo timu ya taifa alichezea Kongo. Kwahiyo ligi inayochekwa ndo imetulisha sisi miaka yote.

Msomaji wa Mwanza: Kwanini inaitwa Primus League na ina timu ngapi?

Primus ni bia ya Brarudi, kampuni ya bia ya Burundi, ndo wadhamini. Timu 16, mechi 30 kila mmoja.

Msomaji wa Arusha: Ni kweli walicheza wakati wa korona?

Kweli. Mwishoni mwa Machi 2020 dunia nzima imefunga, Burundi ilikuwa kati ya nchi chache mno zilizokuwa bado zinacheza. Aprili wakasimama kidogo, baadae wakamalizia, Le Messager akawa bingwa.

Dada mmoja wa Tanga: Wanawake wana nafasi kwenye soka la huko?

Wanayo, na hapa Burundi wametutangulia mbali. Lydia Nsekera aliongoza shirikisho lao kuanzia 2004 hadi 2013, na 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye kamati kuu ya FIFA. Timu yao ya wanawake nayo ilicheza fainali za Afrika 2022 kule Morocco. Sisi huku Tanzania, TFF (shirikisho letu la soka) bado hatujawahi kuwa na rais mwanamke, na natamani sana nimuone.